Tofauti Ndiyo Mtoto

Mizani ya watoto ilikufa Jumanne,
betri zimevuja, zimeota unga wa buluu,
na barua ya kuomba nyingine imelala Kisumu
kwenye meza nisiyoijua.
Kwa hiyo usiku huu, hapa Ahero,
mvua ikipiga mashamba ya mpunga,
nimemwambia Apondi: panda ya watu wazima, na mwanao kifuani.
Mshale ukatetemeka, ukakaa. Sitini na mbili.
Sasa mpe bibi yake. Panda peke yako.
Hamsini na nne.
Akanitazama kama mtu aliyeibiwa.
Usiogope, nikamwambia,
kilichopungua ndicho tunachokitafuta.
Tofauti ndiyo mtoto.

Kilo nane. Miezi kumi na minne.
Malaria imempandisha macho, imemfuta rangi viganjani.
Mimi naandika kwenye kiganja changu, kwa kalamu,
maana karatasi huloa
na kichwa hudanganya saa nane za usiku:
tatu mara nane, ishirini na nne.
Miligramu, si mililita.
Nasema kwa sauti.
Bibi anaitikia "ee", akidhani ni dua.

Aliye chini ya kilo ishirini, kila kilo yake hudai tatu;
aliyevuka hapo, mbili na kitu zamtosha.
Nilipofundishwa hivyo darasani nilicheka:
mdogo ndiye wa kuzidishiwa?
Lakini mtoto si mtu mzima aliyekatwa vipande.
Ni jiko jingine, lina moto wake,
na dawa huungua humo upesi.

Bibi anavuta leso, ananong'ona:
jana nilimpa robo. Ya zile zangu za magoti.
Niliikata kwa kisu cha samaki.
Simkemei. Namuuliza ilikuwa ya rangi gani, jua lilikuwa wapi,
naandika.
Na kijiko cha ile ya maji ya homa?
Anaonyesha kwa vidole viwili: cha uji.

Ishirini na nne, ikishachanganywa chupani,
ni mbili nukta nne kwenye bomba la sindano.
Hapo kwenye nukta mkono wangu husimama.
Mwaka wangu wa kwanza, Webuye, mtoto mwingine, kilo nyingine,
nilivuta bomba likajaa mpaka juu, nikaridhika nalo.
Sista Nasambu aliliondoa mkononi mwangu
bila kelele, kama anayemnyang'anya mtoto wembe.
Nukta yako iko wapi?
Ni ndogo kuliko punje ya wimbi,
na kaburi huingia humo, likaenea.

Kitanda cha tatu Mzee Nyambok amechukia.
Mbona mimi nusu? Nilibeba miwa Muhoroni miaka thelathini!
Mabega yanakumbuka, mzee,
figo zimestaafu.
Kwako dawa ya jana bado imekaa sebuleni
ya leo inabisha hodi.
Haba na haba hujaza kibaba,
nami kibaba hicho ndicho nakiogopa.
Anageukia ukuta. Kilo arobaini na moja za hasira.

Mbili nukta nne. Taratibu, mshipani.
Hakuna aliyepumua isipokuwa mvua.

Karibu na adhana ya alfajiri mtoto alilia,
kilio chembamba, cha njaa,
na bibi akasema afadhali, afadhali,
akaenda nje kutafuta sufuria.

Odundo wa zamu ya mchana alipofika
nilimwonyesha kiganja. Nilikuwa nimekisugua mara tatu,
ishirini na nne bado ipo.
Dozi ya pili saa nane mchana, nikasema, kilo ni nane.
Hakuniamini.
Vizuri. Ndivyo tulivyoapa.
Akamwita Apondi, akampandisha na mwanawe:
sitini na mbili na nusu.
Nikashtuka.
Akampandisha peke yake:
hamsini na nne na nusu.
Alikuwa amekunywa chai.